Udongo Uliochekechwa

Tarehe 3 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba ya ile shikamoo ya kwenye simu, iliyokatika kabla sijaiitikia. Hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Baba yako mwili hauna neno. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana simu katika nyumba hii husikilizwa na watu wote, na masikio ya kaka yangu hayajazeeka.

Dereva wa lori la machungwa atakukabidhi kopo la maziwa ya unga. Usilikoroge. Ni udongo wa shamba la baba yako.

Unajua babu yako alipoligawa shamba alivuta kamba katikati, akatupigisha kura. Mimi nikapata upande wa juu, kaka yangu upande wa chini. Tukapanda michungwa msimu mmoja, tukanyeshewa mvua moja. Yangu inazaa mpaka naegemeza matawi kwa miti. Chungwa langu ukilikata, maji yanakufika kiwikoni. La kwake ni dogo, limepauka, ganda nene, na ndani nyuzi tupu. Msimu uliopita dereva alipakia ya kwangu, ya baba yako akayaacha kwenye magunia kando ya barabara bila hata kuyafungua.

Miaka mingi nimemtania kwamba ana mkono mchungu, usiootesha kitu. Ulikuwa utani wa ndugu, naye alikuwa akinirudishia. Siku hizi harudishi. Ameacha kushuka shambani. Juzi kaniambia mavuno yakiisha atamwita mkata miti aing'oe yote, kisha aende mjini kulinda ghala la saruji. Umri ule, akae getini kwa mtu akifungua na kufunga. Na sare ameshapimwa.

Mimi nataka kujua kwa nini, kabla shoka halijafika. Wewe unapima udongo wa watu baki, upime na wa kwenu. Nimeuandaa vizuri, hautakuaibisha mbele ya wenzako. Kwa sasa usimwambie baba yako kitu.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, nilikunywa dawa zote hadi mwisho kama ulivyoniamuru. Goti usilibebeshe ndoo, tafadhali.

Kopo limefika salama, ila mwenzangu wa meza ya pili aliliona karibu na birika akachota kijiko kizima. Tuliwahi kumzuia. Sasa kila akitaka chai ananiuliza kwanza kilichomo.

Udongo nimeufanyia kila kipimo tulicho nacho. Chumba chetu ni kidogo, kina tanuri la kukaushia, mizani iliyofungiwa kwenye kasha la kioo isisumbuliwe na upepo, na mashine moja inayonguruma hata ikiwa haina kazi. Udongo wako umepita kote huko na umeshinda. Umeshikana kwa kiasi, mchanga wake na mfinyanzi wake vinasikilizana, uchachu wake ndio hasa mchungwa unaoutaka, na chakula kimo. Mkuu wa maabara aliyatazama majibu akasema angekuwa na shamba la namna hii asingekuja kazini.

Basi kwa karatasi hizi kosa si la udongo. Nahisi ni kiu. Chungwa dogo lenye ganda nene na nyuzi, mara nyingi ni mti uliokosa maji wakati tunda linajaa. Mwagilieni kwa wingi, maji yazame.

Hata hivyo kuna jambo halinitoki kichwani. Udongo mzuri namna hii unazaaje machungwa mabaya namna ile? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Kuhusu baba sijui niseme nini. Tangu nilipoondoka kuja kujifunza mambo ya udongo, akinipigia ananiuliza kama nimekula, basi. Sijawahi kumsikia akisema ameshindwa.

Mwanao


Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Salamu tele. Sisi tunapumua. Goti nimelipumzisha kwa sababu ndoo zote amebeba baba yako, na hapo ndipo penye kisa.

Nilimwambia nimeota marehemu babu yako anadai maji. Uongo wenyewe mdogo, Mungu anisamehe. Akachukua ndoo. Amemwagilia shamba lake jioni kwa jioni kutoka kisimani, mpaka chini pale pakawa matope ya kuteleza.

Sasa fungua hii karatasi niliyoikunja, kuna majani mawili. La kijani ni la kwangu. Hilo la njano ni la kwake. Lione vizuri: jani lote njano, lakini vimishipa vyake vimebaki kijani, kama mtu kachora ramani ya mito kwa kalamu. Kabla ya maji yako yalikuwa hivi kwenye ncha za matawi tu. Baada ya maji yako, karibu mti mzima. Tumekwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Baba yako alisimama akaitazama miti yake, akasema, "Unaona? Hata nikiinywesha inakauka." Akaosha miguu, akaingia ndani. Sikupenda alivyoisema. Bora angegomba.

Sikulaumu, mwanangu, lakini naona mashine yako imeshiba mapema. Iulize tena. Mavuno yamepamba moto, na mkata miti amepita kukadiria kazi yake.

Shangazi yako


Tarehe 17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa aibu. Mwambie baba aache maji mara moja. Huo uongo wa ndoto utajua mwenyewe utakavyouondoa.

Jani ulilonitumia linasema kwa sauti kubwa. Jani likigeuka njano na mishipa ikabaki kijani, hasa majani machanga, huo mti una njaa ya madini ya chuma. Chuma ndicho kinachousaidia mti kutengeneza rangi ya kijani, na bila kijani mti haupiki chakula, na bila chakula tunda halijai. Kuanzia jani mpaka chungwa la baba, maelezo yote yanafuatana.

Lakini kwenye kopo lako chuma kimo. Tena kinapatikana kirahisi. Kwa hiyo jani linasema njaa, udongo unasema shibe, na wote wawili wametoka shamba moja. Mmoja kati yao ananidanganya. Nimeviweka mezani, jani huku na kopo kule, navitazama kama hakimu asiye na shahidi. Mwenzangu wa meza ya pili anasema nimeanza kuongea peke yangu.

Naomba unisimulie ulivyouchukua ule udongo. Hatua kwa hatua, usiruke kitu hata kama unakiona cha kipuuzi. Ulisimama wapi, ulichimba kwa kifaa gani, ulifanya nini baadaye. Ni kosa langu kutokuuliza tangu mwanzo.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu mwenye maswali,

Hatujambo. Haya, nakusimulia. Unanihoji kama polisi, lakini nitajibu.

Nilingoja baba yako aende kunyoa. Nikashuka kwake, nikachagua mahali pazuri chini ya mti wa pili, pale anapolundika samadi kila mwaka. Sikuona haja ya kuchukua penye sura mbaya. Nikakwangua kwa mwiko, pale juu tu, hapakuhitaji jembe. Nikauanika kwenye mkeka siku nzima.

Kisha nikauchekecha. Kwanza kwa ungo, halafu kwa chekecheo la unga, mara mbili. Ulikuwa na vijiti, mizizi, na yale mawemawe meupe yaliyojaa kule chini, mengine kama punje ya mahindi, mengine kama yai. Yote nikatoa. Mawe nikayamwaga mlango wa jikoni, yamenisaidia kuziba lile dimbwi. Ulipobaki laini kama unga wa ngano, nikautia kwenye kopo.

Sasa wewe ungenionaje nikikutumia mawe? Umetoka katika nyumba hii, unakaa na wasomi, halafu wafungue kopo la kwenu wakute kokoto. Hata kwa adui hupeleki kitu kichafu.

Baba yako sare imefika. Inamkaa vizuri, na hilo ndilo lililonichoma.

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo mara mbili, moja kwa kila chekecho. Barua yako nimewasomea wenzangu, nisamehe, na mkuu wa maabara alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka akasema, "Huyo mama amelichekecha jibu akalitupa, akatuletea swali tupu."

Nadhani ni hayo mawe. Hebu tufanye jaribio, halihitaji mashine. Chukua jiwe jeupe moja mlangoni pa jikoni, lisage kidogo kwenye sahani. Chukua na udongo wa upande wako. Kamulia limau juu ya vyote viwili, kisha inama usikilize. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe uiname na hilo goti lako. Niambie unachokiona na unachokisikia.

Halafu uchimbe shimo upande wa baba, mbali na samadi, lifike kina cha mkono mpaka begani. Usichekeche. Usioshe. Usichague. Nitumie kila kitu kama kilivyotoka, na mawe yake, nitayapokea kwa heshima zote.

Swali la mwisho: miche yenu ilibebeshwa, yaani iliunganishwa, juu ya shina la nini? Najua chungwa lipo juu, nauliza mguu wake.

Tafadhali mzuie baba asiing'oe miti, hata kwa ndoto nyingine.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Tunaendelea, tunashukuru. Nilikamulia limau. Udongo wangu ukanywa maji ya limau ukanyamaza. Jiwe la baba yako likachemka. Nasema likachemka bila moto, likatoa povu dogodogo na sauti kama ya mafuta yanayoanza kushika kikaango. Niliinama pale mpaka goti likasahau kuuma. Nikakamua tena, likachemka tena. Nimemaliza malimau matano, jioni sikuwa na la kutia kwenye chakula.

Baba yako aliingia kutafuta kiberiti akanikuta nimeinamia sahani ya mawe. Akauliza, "Unapika nini?" Nikasema, "Mawe." Akasema, "Yakiiva niite," akatoka. Ni neno la kwanza la utani kutoka kwake tangu mwaka uanze, ila hakurudi kuangalia.

Udongo wa kina huu hapa, katika gunia dogo. Mkono wangu haukufika begani, ulifika kiwikoni nikagonga kitu cheupe kigumu. Nimekivunja kwa nondo kikakubali.

Kuhusu miguu: mimi miche yangu nilibebesha mwenyewe juu ya midanzi, yale machungwa machungu yasiyolika, kwa sababu mbegu zilikuwa bure. Baba yako alitaka vya kisasa. Alikwenda kitaluni, bwana miche akampa miche mizuri inayowahi kuzaa, shina lake la aina ngeni. Nakumbuka alivyoiteremsha kwa fahari.

Mavuno yanakaribia mwisho, na mkata miti amepewa siku. Lori likishamaliza machungwa halitapita tena mpaka msimu mwingine, kwa hiyo fanya haraka.

Shangazi yako


Tarehe 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika upesi ili barua iiwahi safari ya mwisho ya dereva.

Ni chokaa. Chini ya shamba la baba kuna tabaka la mawe ya chokaa, na hayo mawemawe ni makombo yake. Chokaa ikizidi, chuma kinafungwa ndani ya udongo. Kipo, lakini mizizi haiwezi kukichukua, kama chakula kilichofungiwa kabatini na ufunguo hamna. Ukimwagilia sana, hewa inakosekana chini na chokaa inayeyuka zaidi, kufuli linakaza. Ndiyo maana maji yangu yaliharibu. Upande wako hakuna chokaa, udongo ni wa kina, maji yanapita. Kamba ya babu ilipita juu ya mpaka ambao hakuna aliyeuona.

Na ile miche ya kisasa ndiyo isiyoivumilia chokaa kabisa. Mdanzi huivumilia vizuri zaidi.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chokaa hiyo haiondoki, wala shamba hilo halitazaa kama lako. Lakini iko njia. Unapanda miche michanga ya mdanzi miwili au mitatu kuzunguka shina la mchungwa, ikishapata unene wa kidole unaikata ncha na kuipachika ubavuni mwa mti mkubwa, ukafunga. Ikishika, mti unapata miguu mipya, unakula kwa hiyo. Ni kazi ya miaka, na mingine haitashika. Kwa bwana miche wa hapa jirani kuna midanzi iliyo tayari, naweza kuituma.

Jambo moja umsomee baba kama lilivyo. Ule udongo wa kopo la kwanza, uliosifiwa na mkuu wa maabara, ulitoka kwenye samadi anayolundika kila mwaka. Uzuri ule haukuwa wa shamba. Aliutengeneza yeye, juu ya mawe. Mkono mchungu haufanyi hivyo.

Mwanao


Tarehe 26 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo kweli? Natuma kwa posta kwa kuwa lori halipo. Simu yako haipatikani, na ya baba inaita bila kupokelewa.

Nimekutana na dereva akiwa anaosha lori lake. Anasema barua yangu hakuipeleka mwenyewe, gari liliharibika njiani, akamkabidhi mchuuzi aliyekuwa akielekea huko. Anasema pia mchuuzi huyo amemwambia kaona michungwa imelala kando ya barabara, majani yakiwa yamenyauka. Sikumuuliza mingapi. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa.

Nimeomba ruhusa kazini na bado sijajibiwa. Mashine inanguruma hapa na sina cha kuipa. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


Tarehe 4 Julai

Mwanangu kipenzi,

Tupo, tu wazima, na simu yangu iliangukia ndani ya shimo. Utaelewa.

Barua yako ya mwanzo wa Juni ilichelewa. Mkata miti aliwahi. Mstari wa barabarani wote umelala, hilo ni kweli, nami nilijifungia ndani nisisikie shoka. Sikuwa na jibu la kumpa kaka yangu, nilikuwa na povu la limau tu.

Walipofika mstari wa pili, mkata miti alifunga kamba kwenye kisiki, akavuta, na kisiki kikatoka kama jino bovu. Baba yako alikuwa amekaa juu ya gunia akisubiri kulipa. Akaona mizizi. Hakukuwa na hata mmoja ulioshuka. Yote ilikuwa imelala bapa, imetandaa pembeni. Akainuka. Akamwambia mkata miti akapumzike kwanza. Akaingia ndani ya lile shimo na panga, akaanza kukwangua.

Nilimsikia akiniita kwa jina la utotoni, ambalo nilikuwa sijalisikia tangu mama yetu afariki. Nikaenda mbio, goti na yote. Akasema, "Njoo uone, kuna sakafu huku chini." Kisha akasema, "Na lete limau. Unadhani sikuona ulichokuwa unapika?"

Akakamua mwenyewe. Jiwe likachemka. Akakamua tena, akacheka, mwanangu, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa na mshangao. Mkata miti aliporudi aliambiwa alete shoka lake msimu mwingine, akiitwa.

Barua yako ikaja wiki ile. Nikamsomea sebuleni, yote, hata pale uliposema shamba halitazaa kama langu. Hapo alitikisa kichwa tu. Nilipofika kwenye samadi akanisimamisha. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Kwa hiyo si mimi."

Nikamwambia, "Si wewe."

Akasema tena, polepole, kama anayeonja kitu asichokuwa na uhakika nacho, "Si mimi." Akageukia ukutani. Mimi nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, kwa sababu kaka yangu hapendi kuonwa, na mimi sipendi kuonwa nikimwona. Nilimtania miaka yote hiyo nikijua ni mchezo. Yeye kumbe alikuwa akiamini.

Sare ameirudisha. Kule ghalani wamekasirika, wakasema ilikatwa kwa kipimo chake. Tuma hiyo midanzi kwa njia yoyote utakayoipata. Mstari wa barabarani umekwenda na hautarudi, lakini iliyobaki anataka yote ijaribiwe miguu mipya, hata ile inayoonekana imekata tamaa. Ana maswali ambayo mimi siyawezi. Je, chokaa inafika wapi kwa kina? Je, mguu mpya unapachikwa wakati wa mvua au kiangazi? Na kama kuna udongo hapa katikati, kati ya kwangu na kwake, ambao si wa yeyote kati yetu, wenyewe ukoje? Nimemwambia ana binti, amuulize. Amesema atakupigia, na nadhani safari hii hatakuuliza kama umekula.

Hayo ya simu: alichimba shimo la pili ili aone, akachimba la tatu ili alinganishe, nami nikainama kumwangalia simu ikanitoka mfukoni. Leo tangu asubuhi anachimba la nne, na hilo ni upande wangu, chini ya mchungwa wangu bora kuliko yote, eti anataka kujua kwa nini wangu unazaa. Nimemwambia akigusa mzizi wangu hata mmoja tutakosana mimi na yeye. Hanisikii, kichwa chake kiko ndani ya shimo.

Shangazi yako